Mtani Aliyevaa Koti la Obedi

Hapa Dodoma hajawahi kufa mtu mbaya. Anayebisha na aende msiba wowote, akae chini ya turubai, asubiri wasifu wa marehemu usomwe. Marehemu alizaliwa, akasoma kwa shida, akalitumikia taifa kwa uadilifu mkubwa, akajaliwa watoto na wajukuu, akaanza kusumbuliwa na presha, Bwana akampenda zaidi. Wabaya wote, inaelekea, bado wako hai, na baadhi yao ndio wanaoshika kipaza sauti.

Mtu pekee mtaani kwetu Nkuhungu aliyeugomea utaratibu huu ni Mzee Gaudence Kihwele, Mhehe wa Iringa, karani mstaafu wa masijala, umri wake miaka sabini na moja. Tusimpe sifa za bure kwamba ni shujaa. Ana kibali. Wahehe na Wagogo ni watani tangu mababu zao walipopigana mpaka wakachoka, na mtani msibani ana mamlaka ambayo hata mkuu wa wilaya hana. Anaweza kuzuia jeneza, kuvaa nguo za marehemu, kuiga mwendo wake na kikohozi chake, na kusema kwa sauti yale ambayo familia imekesha ikiyaficha. Asipokuja, watu wananong'ona kwamba msiba umepooza. Akija, wenye msiba wanatamani angepata dharura. Sheria ni moja tu, nayo inawabana wote wawili: mtani hakasiriki.

Kibali hicho wenzake wanakitumia kudai kuku na soda. Gaudence anakitumia kuwafundisha vijana historia ya siasa ya nchi yao.

Alianza miaka kama minane iliyopita, baada ya kualikwa kwenye semina ya kuwajengea vijana uzalendo, ndani ya ukumbi wenye kiyoyozi kikali hata wajumbe wakaomba mablanketi. Vijana walipewa fulana, kalamu na chupa ya maji. Mtoa mada akawaonyesha slaidi sitini na mbili. Mwishoni kijana mmoja aliulizwa amejifunza nini, akajibu kwamba amejifunza kuwa historia ni muhimu. Ukumbi ukampigia makofi. Gaudence alirudi nyumbani na fulana yake, akamkabidhi mkewe Evarista, naye akaipigia deki siku hiyohiyo.

Wiki ileile alifariki mzee mmoja wa mtaa wa pili, na wasifu wake ukatangaza kwamba marehemu alikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kabisa kudai vyama vingi. Gaudence akainuka, kofia ya marehemu kichwani, akatembea kwa kuchechemea kama alivyokuwa akitembea mwenye kofia. Akawageukia vijana waliokuwa wamebeba viti, akawaambia kwamba mwaka 1991 tume ilizunguka nchi nzima kuwauliza wananchi kama wanataka vyama vingi. Watu themanini katika kila mia walisema kimoja kinatosha. Ishirini wakasema viwe vingi. Mwaka uliofuata, vingi vikaja.

"Tangu hapo nimezika wazee wasiopungua hamsini," alisema, "na kila mmoja alikuwa kwenye wale ishirini. Wale themanini sijui wanazikwa mkoa gani."

Watu walicheka mpaka mchungaji akainamia Biblia yake. Lakini vijana, baada ya kucheka, waliuliza maswali. Mmoja wao alikuwa Mudrick, dereva wa bodaboda kutoka Kondoa, ambaye alikuja kushusha abiria tu na alitakiwa kuondoka. Akabaki mpaka viti vikarudishwa. Tangu siku ile Mudrick hakosi msiba, ingawa yeye ni Mrangi na Mwislamu safi, na marehemu wengi hajawahi kuwaona wakiwa hai.

Basi darasa likakua. Palipo na turubai Nkuhungu, utawakuta vijana kumi na watano, ishirini, wakimenya vitunguu upande wa jikoni huku Gaudence akiwatajia Baraza la Mawaziri la mwaka wowote wautakao, nani aliingia, nani alitolewa na kwa kosa lipi, kama wenzake wanavyotaja vikosi vya Simba na Yanga. Aliwaeleza jinsi uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulivyopitishwa mwaka 1973, na jinsi serikali ilivyofunga mizigo siku hiyohiyo na kuja kwa mwendo wa bibi harusi, ikabisha hodi baada ya miaka arobaini na kitu. Waliokuwa wakimsikiliza wengi wao walikuwa na vyeti vya kidato cha sita. Walikiri kwamba shuleni walifundishwa tarehe hiyo, ila hawakuambiwa kwamba ina kichekesho.

Na alikuwa na kazi ya nyumbani. Baada ya kila msiba aliwaambia wachukue sentensi moja kutoka kwenye wasifu, ile iliyolala vizuri kuliko zote, waende nayo mpaka wampate mtu aliyekanyagwa chini yake. "Kila sentensi nzuri ina mtu chini," alipenda kusema. "Mtafuteni, kisha mje mniambie jina lake." Alijisikia sana aliposema hivyo. Hata Evarista, ambaye si mwepesi wa kusifu, aliwahi kumwambia kwamba maneno hayo yangefaa kuandikwa kwenye khanga.

Mwanafunzi wake bora alikuwa Zipora, binti wa chuo kikuu mwaka wa pili, mjukuu wa jirani yake Obedi Chilongani. Na hapo ndipo habari yetu inapoanza kunuka.

Obedi na Gaudence walichangia ukuta kwa miaka thelathini. Walichangia pia bao, redio, na bakuli la mlenda ambalo Gaudence alilitukana kila jioni na kulimaliza kila jioni. Obedi alimwita mla mbwa. Gaudence alimwambia Wagogo huzaliwa na kopo la kuombea mkononi. Kwa lugha yao hiyo walipendana kama ndugu. Obedi alikuwa mzee wa kanisa, balozi wa nyumba kumi, mtu aliyekuwa akitembea na pipi mfukoni kwa ajili ya watoto wa mtaa. Mwaka 1974 alikuwa mgambo, na hilo kila mtu alilijua kwa namna ile ya kutolijua.

Alipolazwa, binti yake Gladness aliandika wasifu. Gladness ni afisa wa wizara, mtu wa mipango. Mzee alikuwa bado anapumua na tayari nakala ilikwishapigwa chapa, imebakia nafasi ya kujaza tarehe. Humo ndani kulikuwa na sentensi moja iliyolala vizuri kuliko zote. Ilisema kwamba marehemu alishiriki kikamilifu katika operesheni za kitaifa za kuwaletea wananchi maendeleo.

Zipora aliiona sentensi hiyo kwenye kompyuta ya mama yake. Hakumuuliza mama. Alipanda basi la kwenda Haneti, akamtafuta bibi mmoja aitwaye Anyesi, ambaye Obedi alimwita dada kwa kuwa baba zao walizaliwa tumbo moja. Akamrekodi kwa simu dakika arobaini.

Babu yake alifariki Jumapili. Jumatatu asubuhi Zipora aliruka ukuta kama alivyokuwa akifanya utotoni, akamwamkia Gaudence shikamoo, akaketi kwenye kigoda na kumwekea sauti ya bibi Anyesi.

Bibi alizungumza taratibu, Kiswahili chake kikijikwaa na kurudi Kigogo. Alisema mwaka ule wa kuhamishiwa vijijini walikuja mwenyekiti na mgambo, Obedi akiwa mmoja wao. Wakabomoa nyumba za tembe. Wakachoma vihenge na nafaka yake, ili mtu asiwe na cha kurudia. Obedi alichoma kihenge cha baba yake mdogo kwa mkono wake, kisha akambeba mgongoni yule baba mdogo mpaka kwenye lori, maana alikuwa hawezi kutembea. Huko walikopelekwa hapakuwa na kitu, na shambani walikotoka uwele ulikuwa umekomaa unasubiri kuvunwa. Kurudi wakakatazwa. Basi wakamwomba katekista awaandikie barua kwenda mjini, kwa wakubwa, kuomba wiki mbili tu wakavune.

Barua hiyo alipewa mume wa Anyesi. Alikwenda nayo kwa miguu. Alirudi siku ya tano akasema ameifikisha. Wakasubiri jibu. Kwelea wakashuka shambani, wakamaliza uwele wote, na mwaka ule Anyesi alizika mtoto. Jibu halikuja, na kwa kuwa lazima pawe na mwenye kosa, watu wakaamua kwamba yule mwanamume hakufika popote, aliishia kwenye vilabu vya pombe vya njiani. Wakamtungia nyimbo. Anyesi mwenyewe alimwita mwongo mpaka siku aliyomzika, miaka ishirini iliyopita.

Zipora akazima simu. "Babu, wewe mwaka ule ulikuwa masijala, ofisi ya hao hao wakubwa. Ile barua ilifika?"

"Mjukuu wangu," Gaudence alisema, "barua zilikuwa nyingi."

Ni kweli zilikuwa nyingi. Hiyo moja aliikumbuka kuliko siku ya harusi yake.

Alikuwa na umri wa miaka ishirini, ana miezi mitatu kazini na kalamu nyekundu mfukoni, hakuna jenerali duniani aliyejiona mkubwa kama yeye. Mtu mmoja aliingia, miguu myeupe kwa vumbi, akaweka kauntani karatasi iliyochanwa kwenye daftari. Gaudence aliikagua. Haikuwa na kumbukumbu namba. Haikuwa na kichwa cha habari kilichopigiwa mstari. Na kubwa kuliko yote, mahali panapotakiwa kuandikwa "Kupitia kwa Mwenyekiti", palikuwa patupu. Akamrudishia, akamwelekeza kwa upole wa kiofisi kwamba barua ya mwananchi ni lazima ipitie kwa mwenyekiti wake, atie saini, ndipo ipande ngazi. Yule mtu akasema mwenyekiti ndiye aliyewachomea. Gaudence akamjibu kwamba utaratibu ni utaratibu.

Mtu yule hakuichukua karatasi. Aliiacha pale kauntani, akaomba apewe japo kipande cha kuonyesha kwamba amefika. Gaudence akamwambia ofisi hii haitoi vipande. Alipoondoka, kijana wetu alichukua kalamu yake nyekundu, akaandika pembeni, kwa mwandiko mzuri sana, "Haikupitia kwa Mwenyekiti", akaifungia katika jalada la barua zisizofuata utaratibu, jalada ambalo halikuwahi kufunguliwa na mtu. Kwenye rejista hakuiingiza. Barua isiyofuata utaratibu haikuwa imepokelewa, na ambayo haikupokelewa huiandiki. Mkuu wake aliposikia alimsifu kwa umakini. Miezi michache baadaye, wakati magunia ya mahindi ya njano ya msaada yalipokuwa yakigawiwa kwa watu walewale, Gaudence alipandishwa cheo.

Huyo ndiye mwalimu wetu wa watu waliokanyagwa chini ya sentensi. Mkuki kwa nguruwe, wahenga walimaliza wenyewe.

Mchana wa siku hiyo Gladness naye alikuja, macho yamevimba, simu mbili mkononi, moja ya kamati ya mazishi. Alimwita Gaudence baba, kama alivyomwita tangu utotoni, akamwomba mwaka ule wa 1974 asiuguse. Watakuwepo wakubwa zake wa kazini, alisema, na babake alikuwa mtu mwema. Gaudence akajinyoosha, akamjibu kwamba mtani hapangiwi maneno, na kwamba vijana wana haki ya kujua historia ya nchi yao. Yalikuwa maneno mazuri. Yangependeza kwenye slaidi.

Evarista alikuwa akichambua mchicha upande wa pili wa ua. Aliijua habari ya barua. Gaudence alimwambia mara moja tu, alipougua malaria kali akidhani anakufa; alipopona akadai kwamba ilikuwa homa ikisema.

"Utamvua Obedi nguo zote mbele za watu," Evarista alisema Gladness alipokwenda, "halafu wewe ubaki umevaa za kwako?"

Gaudence alimwambia kwamba wanawake hawaelewi mambo ya masijala. Evarista akaendelea kuchambua mchicha. Hakumwongelesha tena mpaka siku ya mazishi, na mtu aliyeishi na mwanamke miaka arobaini na minne anajua hilo ni jibu la namna gani.

Tusidhani kwamba mzee hakuteseka. Aliteseka. Lakini mtu mwenye akili akiteseka hupata hoja, na Gaudence alipata tatu. Kwanza, mtu wa barua alikwishakufa. Pili, kusema sasa kungewachanganya vijana, waache kuamini hata yale ya kweli aliyowafundisha. Tatu, msiba ni wa Obedi, si wake; kujitia mbele kwenye msiba wa mwenzako ni kukosa adabu. Alizipanga hoja zake zikapangika vizuri. Mwisho akaamua kwamba atafundisha habari ya vihenge, na habari ya barua ataipitia juujuu.

Siku ya mazishi jua lilikuwa la kiangazi cha Dodoma, upepo unapeperusha vumbi na khanga kwa pamoja. Turubai zilijaa. Wakubwa wa wizara walikaa mbele kwenye viti vyenye vitambaa vyeupe. Vijana wa Gaudence walijipanga pembeni, simu juu, Mudrick akiwa wa kwanza maana simu yake ndiyo yenye picha safi. Upande wa wanawake, kwenye mkeka, walikaa ndugu waliofika na basi la asubuhi kutoka Haneti. Katikati yao alikuwepo bibi mmoja mdogo, mwembamba, amejifunga khanga nyeusi. Gaudence hakuwahi kuuona uso wake. Hakuhitaji kuambiwa ni nani, kwa jinsi Zipora alivyokaa naye amemshika mkono.

Mshereheshaji akasoma wasifu. Mzaliwa wa Chamwino, mtumishi wa Mungu, mpenda watoto, operesheni za kitaifa, presha. Wabebaji wakanyanyua jeneza. Hapo Gaudence akatokea mlangoni amevaa kofia na koti la kaki la Obedi, lile alilokuwa akilivaa kanisani, mifuko imejaa pipi, akasimama katikati ya njia na kukohoa kile kikohozi. Watu walicheka na kulia kwa wakati mmoja. Hata Gladness alicheka, akajifuta.

"Mbukwenyi," aliamkia kwa Kigogo, kwa sauti ya Obedi, na Wagogo wakaitika. "Mnakimbilia wapi na mimi? Jamaa wamesoma kwamba nilishiriki kikamilifu. Si wangewaambia nilishiriki nini?"

Akawaeleza. Aliwaeleza vizuri, tusimnyime haki yake. Alieleza jinsi amri ilivyotolewa, jinsi nchi nzima ilivyoambiwa kwamba kuishi vijijini si hiari tena, ni lazima, jinsi kijana wa miaka ishirini na tano alivyopewa rungu na kiberiti na kuambiwa kwamba hayo ndiyo maendeleo. Aliwaonyesha Obedi akichoma kihenge cha baba yake mdogo, na Obedi yuleyule akimbeba mgongoni. Aliinama kweli, akatembea hatua kumi amebeba mtu asiyeonekana. Wakubwa wa wizara walitazama viatu vyao. Vijana hawakucheka tena. Lilikuwa somo bora kuliko yote aliyowahi kutoa, na mwenyewe alijua.

Na mtu anapojua kwamba anapendeza, ndipo ulimi unapoteleza. Alitaka kuwapumzisha kwa kicheko kabla ya kufungua njia.

"Wakaandika na barua kuja mjini," alisema. "Wakampa mtu wa kuileta. Ikapotelea kilabuni, maana barua za Wagogo nazo zina kiu."

Kicheko kikaja, kama alivyokitaka. Kwenye mkeka wa wanawake bibi Anyesi hakucheka. Aliinamisha kichwa, kama mtu aliyezizoea sana nyimbo hizo.

Zipora akasimama. Alikuja mpaka pale njiani, mbele ya jeneza la babu yake, akamvua Gaudence kofia na kuivaa yeye. Watu wakashangilia, maana walidhani utani umenoga.

"Mimi Mgogo, wewe Mhehe, tena mimi mjukuu wako," alisema. "Nina haki mara mbili, na mtani hakasiriki. Ulitutuma tukamtafute mtu aliyekanyagwa chini ya sentensi. Nimempata. Amekaa pale. Hebu mwambie yeye, usituambie sisi, ile barua ilipotelea kilabu gani."

Gaudence alijaribu. Alisema kitu kuhusu Wagogo na makopo yao. Hakuna aliyecheka. Wabebaji walikuwa wameshaanza kutokwa jasho, jeneza mabegani. Akamtazama Evarista, ambaye alikuwa akimtazama yeye. Zile hoja tatu alizozipanga vizuri alizitafuta zote, akakuta hata moja haiwezi kusemwa mbele ya yule bibi.

Akaenda mpaka ukingoni mwa mkeka. Sauti iliyotoka haikuwa ya Obedi tena.

"Haikupotea, mama. Ilifika. Niliipokea mimi."

Bibi Anyesi akainua uso. Ilimchukua muda, kama mtu anayetafsiri kichwani kisha anarudia kuhakikisha. "Ilifika?"

"Ilifika. Aliileta kwa mkono wake mpaka kauntani. Hakuwa amelewa. Aliniomba karatasi ya kuonyesha kwamba amefika, nikamnyima."

"Ilikuwa na kosa gani?"

"Haikupitia kwa mwenyekiti."

Mtu mmoja upande wa wakubwa alicheka, akidhani utani bado unaendelea, kisha akagundua kwamba anacheka peke yake. Gladness alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja. Vijana hawakushusha simu, lakini hakuna aliyekuwa akitazama kioo. Walikuwa wakimtazama mwalimu wao, na Gaudence aliyaona macho yao yakibadilika, akajua kwamba hayatarudi kuwa yale ya zamani. Iliuma. Iliuma vibaya, na ilistahili.

Bibi Anyesi hakulia. Alisema, taratibu, kwamba aliishi na mtu yule miaka thelathini baada ya barua, na kila walipogombana, hata kwa chumvi, alimwambia kwamba yeye ni mwongo. Watoto wake walimwita hivyo. Wajukuu ambao hawakumjua wanamwita hivyo mpaka leo, na nyimbo zile zinaimbwa bado kwenye harusi. Alisema mwanzoni mume wake alikuwa akibisha. Baadaye aliacha kubisha. Yeye akaona kwamba mtu akiacha kubisha basi amekubali.

Kisha akamnyooshea Mudrick kidole, akamwambia asogeze simu karibu. Haneti wana simu, alisema. Wataona. Akamwambia Gaudence aseme tena, mwanzo mpaka mwisho, na amtaje mwenye barua kwa jina, wasije wakadhani ni habari ya mtu mwingine.

Mudrick akasogea. Gaudence akafungua mdomo. Mtu huyu angeweza kutaja Baraza lote la Mawaziri la mwaka ule, waziri kwa waziri. Alisimama pale na koti la watu.

"Jina lake silijui, mama," alisema. "Sikuliandika."

Bibi alimtazama, si kwa hasira. Alimtazama kama anavyotazamwa mtoto aliyetumwa dukani akarudi mikono mitupu.

"Ndahani," alisema. "Stefano Ndahani."

Gaudence akaigeukia simu, akalitaja. Bibi Anyesi akasema sauti haikutoka vizuri, arudie.